Mama Funguo na Katoni ya Kumi na Nne

Baada ya miaka ishirini na minane na miezi minne ya kutunza stoo ya shule yetu, Mama Funguo anastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi huu. Wasifu wake nimepewa niuandike mimi, mkuu wa idara ya Hisabati, kwa kuwa ndimi niliyeteuliwa kukabidhiwa stoo hadi mtunzaji mpya apatikane. Nilikubali bila kufikiri. Nilidhani ni kazi ya nusu saa: aliajiriwa lini, alikuwa mwaminifu, tunamshukuru, basi. Sasa ni wiki ya tatu na sijapata usingizi wa maana. Wenzangu, nimepigwa na butwaa, na mnachosoma hapa nusu ni wasifu na nusu ni ungamo.

Nianze na yanayojulikana. Mama Funguo alipoajiriwa, stoo yetu ilikuwa na panya wengi kuliko madaftari. Muhula haukuisha kabla kila kitu hakijapata rafu yake: madaftari kushoto, chaki kulia, ndoo na mafagio nyuma ya mlango, viti vilivyovunjika miguu juu kabisa. Jina alibandikwa na wanafunzi kwa ajili ya ule mshipi wa funguo unaolia kiunoni mwake. Hatoi kitu kipya kabla cha zamani hakijarudi. Mwalimu wa michezo alipotaka mpira mwingine, aliambiwa alete ule wa kwanza, naye akauleta vipande viwili ndani ya mfuko. Mama Funguo alivitazama, akaviunganisha mezani kuhakikisha havikupungua, ndipo akampa mwingine.

Mimi na yeye tulikuwa na ugomvi mmoja wa kudumu, nao ni chaki. Kila siku baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa madarasa yangu walipiga foleni stoo, na ukiwauliza, wote walisema wamefuata chaki. Nilimwandikia mkuu wa shule barua tatu kali nikilalamika kwamba idara yangu inasingiziwa kumaliza chaki za shule nzima. Kila barua Mama Funguo aliijibu kwa neno moja: “Nimepokea.” Mimi mwenye hesabu zangu sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini mtoto anafuata chaki halafu anarudi darasani mikono mitupu.

Hapa mtanivumilia niingize habari za nyumbani, maana bila hizo hamtaelewa kilichonipata. Binti yangu alisoma hapa. Kidato cha pili alipata alama kumi na moja kwa mia katika Hisabati, somo la baba yake. Mganga hajigangi, mkanitania, nami nikacheka kwa uchungu. Alikuwa anataka uuguzi, na bila Hisabati chuo kisingempokea. Kabla ya mtihani alikuwa anatapika. Lakini mtihani wa mwisho alipata sabini na nne, akaenda chuo, na leo anapima dozi za watoto wodini. Kwa miaka minane, katika kila kikao cha wazazi, nimesimama na kusema kwamba hata wangu alikuwa na kumi na moja, nikamnyoosha kwa nidhamu hadi akafika sabini na nne. Wazazi walipiga makofi. Na mimi niliamini kila neno.

Siku ya makabidhiano tulihesabu kuanzia mlangoni. Katika rafu ya chini nilikuta vitabu vya hesabu vya darasa la kwanza hadi la saba. Shule ya sekondari, vitabu vya shule ya msingi! Nikahisi wizi. Nikaviandika pembeni kwa wino mwekundu, nikamtazama kwa jicho la askari. Yeye aliendelea kusoma orodha. Chaki nyeupe, katoni kumi na nne. Niliziinua moja moja. Ya kumi na nne ilikuwa nyepesi. Nikaifungua kwa furaha mbaya, nikijua nimemshika.

Ndani hamkuwa na chaki. Mlikuwa na vikadi mia tatu na kumi na viwili, vilivyokatwa kutoka kwenye maboksi ya chaki, kila kimoja na mwandiko wake. Nikavuta kimoja: “Darasa la tano. Nilirudi kutoka hospitali nikakuta wenzangu wanagawanya, nikaona aibu kuuliza.” Nikavuta kingine: “Mwalimu alinisimamisha ubaoni kipindi kizima.” Cha tatu nilikijua kabla ya kukisoma, kwa herufi zake zenye mikia mirefu. “Darasa la nne. Mezani nyumbani. Nusu jumlisha theluthi. Baba alisema ni rahisi sana, hata mtoto wa jirani anajua. Tangu siku hiyo nikiona namba nasikia sauti yake.”

Mama Funguo aliniambia, “Kaa, mwalimu,” nami nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Kisha akanieleza bila kunisimanga. Yeye mwenyewe aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya hesabu. Alipopewa stoo, alikuwa anahesabu madaftari mara tatu na anapata majibu matatu. Basi akaomba vitabu chakavu vya shule ya msingi ya jirani, akaanza upya darasa la kwanza, mtu mzima mwenye watoto, saa moja kila siku baada ya kazi. Ilimchukua miaka minne. Kupotea njia ndiko kujua njia, na yeye alijua kila shimo lilipo. Siku moja mwanafunzi aliyetumwa chaki akaanza kulia mlangoni mwake kwa kuogopa jaribio, naye akamfungulia.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza unaandika siku uliyopotea. Kisha unashuka vitabu, kutoka cha darasa lako kwenda chini, hadi ufike ukurasa ambao mikono haitoki jasho. Hapo ndipo unapoanzia kupanda, na hakuna anayekuharakisha. Binti yangu alishuka hadi darasa la nne. Mama Funguo alimkunjia karatasi mbili za urefu mmoja, moja nusu, moja theluthi, akamwacha aone kwa macho yake kwamba lile jibu lake la zamani, mbili ya tano, alilopata kwa kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. “Umeongeza, kikapungua?” alimuuliza. Binti yangu akacheka. Alifuata chaki miezi saba.

Na stoo ina marufuku moja. Neno “rahisi” halisemwi, na atakayelisema anafagia. Mtoto akiambiwa kitu ni rahisi naye hakielewi, anabaki na jibu moja tu, kwamba yeye ni mjinga. Kesho yake nilimpa kiranja kazi ya kunihesabia darasani. Katika vipindi viwili nililisema mara thelathini na moja. Penye miti hapana wajenzi: idara yangu ina walimu sita wenye shahada, na watoto walikuwa wanajificha stoo.

Jumamosi nilimpigia binti yangu simu. Nilimwambia nimeona kikadi, na kwamba ninaomba radhi. Nyuma yake nilisikia watoto wakilia wodini. Kisha akasema, “Baba, hesabu sikuziogopa hata siku moja. Nilikuwa nakuogopa wewe.” Nimefundisha miaka ishirini na sita. Nililia kama mtoto, na sioni haya kuandika hivyo.

Tangu Jumatatu iliyofuata nimekuwa nikienda stoo baada ya chakula cha mchana, kujifunza. Siku ya kwanza wawili walitoka mbio waliponiona. Mama Funguo alinionyesha nafasi yangu, nyuma kabisa, na kunikataza kufungua mdomo. Nimekaa kimya siku tisa. Mkuu wa shule amekubali stoo iendelee kufunguliwa saa hiyo, mradi Mama Funguo aseme kwamba nimefuzu. Hadi leo hajasema.

Mama Funguo, kwa niaba ya watoto mia tatu na kumi na wawili, na baba mmoja, asante. Barua zangu tatu za chaki nimeziondoa kwenye faili. Pumzika vizuri, ule unachopenda, ulale hadi jua lipande, na afya njema isikuache. Binti yangu amebadilishana zamu ili awepo kwenye hafla yako. Ameniambia mapema kwamba atakaa meza yako.