Bi Dessa Pettiford, Aliyewapokea Watoto Ngazini

Aliyelala mbele yetu leo, Odessa Mae Pettiford, alizaliwa tarehe 9 Mei 1944 karibu na Warrenton, Carolina Kaskazini, akiwa mtoto wa tano wa Ezekiel na Lula Alston. Siku hiyo mvua ya mawe ilipiga shamba la tumbaku mpaka majani yakawa kama chujio, na wapo walioapa kwamba jogoo wa mzee Ezekiel alitaga yai kwa hofu. Walioliona yai hilo wote wametangulia, kwa hiyo hakuna wa kubisha. Lililo hakika ni kwamba mtoto alizaliwa ngumi zimekunjwa, na mkunga akasema, "Huyu kaja na ugomvi wake kutoka huko huko."

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ya watoto weusi, nyuma ya kanisa, kuanzia mwaka 1950 hadi darasa la nane. Dada yake mkubwa, Vashti, hakwenda shule kabisa, maana lazima mtu abaki kumshika nyumbu. Dessa alikuwa hodari wa kusoma kwa sauti, na hodari zaidi wa kuchelewa. Mwalimu alipomuuliza siku moja kwa nini kafika jua limeshapanda, alijibu, "Nyumbu alikuwa anasali, mwalimu, nikaona haya kumkatiza." Alichapwa. Jioni akachuchumaa uani na kijiti, akamwandikia Vashti mavumbini herufi za siku ile. Ndizo herufi zilizoandika maneno haya, na kama zimepinda, alaumiwe nyumbu.

Septemba 1962 alipanda basi kwenda Baltimore. Alipata kazi katika kiwanda kikubwa cha kufulia mashuka ya hoteli, akapiga pasi humo ndani ya mvuke mpaka alipostaafu mwaka 2006. Alipenda kusema kwamba amewatandikia vitanda maseneta wote na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa shikamoo. Alipanga Mtaa wa Mosher, kwenye zile nyumba za matofali zilizoshikana mabega, kila moja na ngazi zake za marumaru nyeupe. Jumamosi wanawake wa mtaa ule hupiga magoti wakazisugua kwa jiwe na unga wa sabuni, mpaka mpita njia akaona aibu ya viatu vyake. Dessa alikuwa mgeni, lakini za kwake zilikuwa nyeupe kuliko za wote, na hakuficha kwamba anajua.

Ngazi hizo ndizo zilizomletea mume. Thaddeus Pettiford, kijana wa kiwanda cha chuma, alikuwa akimtafuta binamu yake, akakosea mlango na kukanyaga marumaru iliyokuwa bado na povu.

"Kaka, umekanyaga kazi yangu."

"Samahani, dada. Sasa nifanyeje?"

"Rudi ulikotoka, ufike upya."

Akarudi mpaka kwenye kona, akavua viatu, akaja tena na soksi. Soksi moja ilikuwa na tundu, na kidole kimetoka nje kusalimia. Dessa alicheka mpaka akamwaga ndoo. Walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1966 katika Kanisa la Mlima Nebo Mpya, wakaipanga nyumba ile ile kwa mwenye nyumba aliyeitwa Bwana Hartzell. Tarehe 11 Februari 1967 wakampata Delmar.

Sasa, wenye kuijua Mosher wanajua kwamba hakuna mwanamke aliyeheshimika mtaani akaipokea Pasaka na rangi iliyobambuka. Wiki ya mwisho ya Kwaresima kila nyumba ilisikika ikikwanguliwa. Dessa alichukua kisu cha jikoni, akakwangua madirisha yote, yale ya kupandisha na kushusha ambayo kila ukiyafungua yanajisaga yenyewe, kisha akafagia kwa fagio kavu. Vumbi lilipaa kwenye mwanga wa jua, zuri la kutazama, na Delmar akilifuata nyuma akilipigia makofi. Magamba ya rangi watoto wa mtaa waliyaita peremende za dirisha, kwa kuwa yalikuwa na utamu. Delmar alizoea kusimama dirishani kumngoja baba yake, meno yake mapya yakiwa juu ya ubao.

Baada ya Pasaka ya mwaka 1969 mtoto aliacha kula, akawa anatapika, anayumba kama mlevi. Halafu maneno yakaanza kumtoka, moja moja. Alikuwa akisema "treni", likapotea. Akisema "Dessa," kwa utundu wa kumwita mama yake jina, nalo likapotea. Hospitali ya watoto ilimpima damu, na daktari akasema, "Ana risasi mwilini." Dessa alimwomba jirani apige simu kiwandani. Jirani akamwambia mlinzi wa geti kama alivyoambiwa, na mlinzi akamwambia Thaddeus kama alivyosikia.

Thaddeus alifika hospitali na nguo za kazi na nondo mkononi.

"Nani kampiga? Nitajie jina tu, Dessa. Jina tu!"

"Hakuna aliyempiga, Thad. Kaipata dirishani."

"Dirishani kwa nani?"

"Kwetu."

Ndipo akaelezwa kwamba rangi ya zamani ya nyumba zile ilichanganywa na madini hayo hayo yanayotengenezewa risasi za bunduki, yamesagwa laini kama unga. Risasi ya bunduki hulia, na mtu akakimbia. Hii hailii. Thaddeus aliketi chini sakafuni, nondo mapajani, na hakuwa na wa kumpiga. Delmar alidungwa sindano za kumtoa sumu, mapajani, asubuhi na jioni, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye kituo cha basi. Alipona. Maneno yake mengi yalirudi. Mengine mpaka leo yako njiani.

Bwana Hartzell alipopelekewa habari, alisimama pale pale kwenye ngazi nyeupe akasema, "Watoto wenu wanatafuna madirisha kwa sababu hamuwalishi."

"Hatuwalishi?" Dessa alisema. "Basi njoo Jumapili baada ya ibada, uone tunavyokufa njaa."

Alikuja, huenda alidhani ataombwa radhi. Alitengewa samaki wa kukaanga, sukuma wiki yenye nyama ya moshi, makaroni ya jibini na pai ya viazi vitamu. Wanaosema alikula mpaka vifungo vya kizibao vikaruka vikavunja taa ya barabarani wanaongeza chumvi. Kilichoruka ni kifungo kimoja. Alipojifuta mdomo, Dessa akamwekea kisahani cha maua, na juu yake gamba moja la rangi.

"Hiki nini?"

"Kitindamlo. Onja, Bwana Hartzell. Ni tamu."

"Unanitania, Odessa."

"Bi Pettiford. Nawe umeshiba, una meno yote na kofia juu. Ukiogopa wewe, mwanangu afanyeje?"

Bwana Hartzell alichukua kofia yake. Wiki ile alituma mtu akapaka rangi mpya juu ya ile ya zamani, kama kumvisha nyoka koti.

Wengi walimwambia Dessa ahame. Ahamie wapi? Mtaa wa pili nyumba ni zile zile, rangi ni ile ile. Ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Akatoa kauli mbele ya mumewe na mbele ya Mungu: mtoto asiyejua kukataa kitu mdomoni hatavuka kizingiti chake mpaka madirisha yale yatoke. Delmar alipelekwa Warrenton kwa Vashti mpaka akawa mkubwa wa kuanza shule. Binti yao Arnetta alipozaliwa mwaka 1972, alitoka hospitali moja kwa moja hadi kituo cha basi. Dessa alipiga pasi juma zima, akasafiri mwisho wa juma, akanyonyesha, akarudi na maziwa yamemvimba kifuani. Arnetta aliporudi Mosher na miaka saba, alisimama mlangoni akauliza, "Naruhusiwa kuingia?" Miaka mingi baadaye alikuwa akisema, "Mama alinipenda kwa basi." Alikuwa akilisema kwa uchungu. Siku hizi analisema kwa namna nyingine.

Kauli ile hakuivunja. Watoto wa ndugu, wa jirani, wa kanisani, wote aliwapokea ngazini. Baridi ya Januari ungemkuta amekaa juu ya marumaru, koti juu ya koti, na kitoto kifuani kinachungulia kama sungura. Watu walimchokoza.

"Bi Dessa, humo ndani kuna jini linalokula watoto?"

"Lipo. Hartzell kalipaka ukutani."

Mwaka 1981 Bwana Hartzell aliichoka nyumba, akawauzia. Nyumba ikawa yao, na sumu ikawa yao. Thaddeus alibadilisha dirisha la jikoni kwa mikono yake, kwa vitambaa vibichi na mdomo umefungwa, na akakusudia kuendelea na yaliyobaki, lakini mapafu ya kiwandani hayakumpa nafasi. Alifariki tarehe 2 Novemba 1998.

Hapo ndipo Bi Dessa alipoanza wizi. Pamoja na akina mama wa Mlima Nebo alipita nyumba hadi nyumba akifundisha kwamba fagio kavu halitoi sumu bali huihamisha, kutoka sakafuni kwenda kifuani kwa mtoto. Kwamba dirisha hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na maji yale hayamwagwi uani kwenye mchezo wa watoto. Aliyemsikiliza alimwachia ndoo na kideki. Asiyemsikiliza aliibiwa fagio lake. "Nilikuwa nalo hapa, nimegeuka tu!" wenyewe wakalalamika. Aliyabeba chini ya koti, na wengine wanasema alionekana akipita Mtaa wa Mosher na mafagio sita, anatembea wima kama askari. Aliwaendea madiwani pia, akawatengea kila mmoja kisahani chake. Hakuna aliyeonja. Pole pole, kwa kelele za wengi na yeye akiwa mmojawapo, wakaguzi wakaanza kuja kabla mtoto hajaugua na si baada.

Agosti 2023 zamu ya nyumba yake kuondolewa sumu ilifika. Mafundi walikuja wamevaa nguo nyeupe kuanzia unyayo hadi utosi, wakafunga mlango kwa nailoni, wakayatoa madirisha ya zamani wakiwa wameyafunga kama maiti. Bi Dessa alikaa barabarani kwenye kiti, akahesabu kila dirisha linavyotoka, na kila moja akaliambia neno ambalo halifai kusomwa mbele ya mchungaji. Mpimaji alifuta sakafu na mbao zote kwa vitambaa vyake, akavipeleka vipimwe, akarudi akasema ni safi. Bi Dessa akamwambia apime tena.

Mapema mwaka 2024 moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Kitanda chake kilishushwa sebuleni, karibu na dirisha la mbele. Mjukuu wake Corwin, mwana wa Arnetta, ambaye utoto wake wote alimjua bibi kwa baridi ya ngazi, alikuwa na binti aliyeanza kutambaa, Kaliyah. Jumapili moja ya Septemba walikuja kumwona, na kwa mazoea Corwin akaketi nje na mtoto.

"Corwin," Bi Dessa aliita kutoka ndani, "huyo mtoto unamwanika?"

"Lakini bibi, kauli yako..."

"Kauli yangu ilikuwa na mwisho. Mlete."

Kaliyah akawekwa sakafuni. Hakuna mtoto wa umri ule aliyewahi kutambaa pale tangu Delmar. Alitambaa mpaka dirishani, akajivuta, akasimama, akainamisha kichwa na kutia mdomo juu ya ubao. Delmar, mtu mzima mwenye mvi, aliruka kutoka kwenye kiti akapiga kelele, "Mtemeshe! Mtemeshe, Mama!" Arnetta alikuwa tayari kanyoosha mikono.

Bi Dessa aliinua kiganja. "Mwacheni."

"Mama, analamba!"

"Mwache alambe, Delmar. Hiyo ni mbao tu, mwanangu. Mbao tu."

Delmar alimsogelea mtoto, akapiga magoti. Akagusa ubao kwa kidole, akakitazama, akakitia mdomoni. Akaonja kwa muda mrefu.

"Sio tamu," alisema.

"La," Bi Dessa akasema. "Sio tamu." Akacheka kama siku ile ya ndoo, na kilio kikachanganyika humo humo, na mtoto akageuka kutazama wazee wamepatwa na nini.

Alilala usingizi wake wa mwisho alfajiri ya Ijumaa, tarehe 11 Oktoba 2024, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini. Arnetta ndiye aliyekuwa ameshika mkono wake. Siku hizo alikuwa amehamia pale, na hakuuliza kama anaruhusiwa.

Mumewe Thaddeus, wazazi wake na ndugu zake watatu walimtangulia. Ameacha mwanawe Delmar, binti yake Arnetta Pettiford Boykin na mumewe Lemuel, mjukuu Corwin na mkewe Danisha, kitukuu Kaliyah, dada yake Vashti, aliyebaki na nyumbu wa kumsingizia, na watoto wa Mtaa wa Mosher wasiohesabika, ambao leo wana akili zao timamu na hawajui ni kwa sababu ya nani. Wenye mafagio yao watayakuta chumba cha chini cha kanisa, nyuma ya jiko. Chukueni, lakini lowesheni kwanza.

Apumzike kwa amani Bi Dessa, na huko aliko madirisha yawe wazi.