Kibao cha Brennick

Mimi husikia hata sindano ikidondoka kwenye theluji, ila siku ile basini masikio hayo hayakuhitajika: mzee mmoja alikuwa akipayuka. Mchana huo watu wa Brennick wangepiga kura: jina la nani liandikwe kwenye kibao cha kuingilia mji? Bibi Halyna, aliyeketi kando ya mzee huyo, alimtaka marehemu dada yake, mpiga fidla.

"Fidla tumeisikia, bibi," mzee akasema. "Kura mpe Wasylyk, bingwa wa hoki ya barafuni. Nimemfundisha mimi kuteleza kwenye barafu, ziwa hilihili la hapa, angali mtoto."

Halyna akanywea. Dada yake hakuwa na shahidi wa namna hiyo.

Basi likasimama. Mzee akaitazama barafu mlangoni, akamng'ang'ania Halyna mkono.

"Nishike, bibi. Nimehamia huku kiangazi kilichopita, barafu sijawahi kuikanyaga."

"Shuka taratibu, mwalimu," Halyna akamwambia.