Sahihi ya Mke

Kwenye basi la kutoka hospitali, mke wa mgonjwa na wifi yake walikaa mbele yangu, wamenuniana.

"Daktari alikuwa anaongea na mimi, mke wa mgonjwa. Ukadakia maneno makubwa makubwa ya madaktari, akageuza kiti akakuelekea wewe."

"Nasafisha wodi mwaka wa tisa, wifi, nimeyazoea. Na wewe si ulikuwa unaitikia kwa kichwa?"

"Ulitaka nikae kama gogo mbele yako?"

Mimi pia huitikia hivyo kwa fundi wa gari.

Basi likasimama kituoni kwao. Mke hakuinuka. Akasema taratibu, macho dirishani: "Ile fomu niliyokunyang'anya nikaitia sahihi. Nimekubali wamkate nini?"