Mama Pete na Kioo cha Tatu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza dada yetu, yanayosomwa hapa ni maisha yake kama sisi wadogo zake tunavyoyajua, na tunaomba yasikilizwe mpaka mwisho, kwa sababu jana jioni tuliletewa karatasi nyingine iliyokwisha kupigwa chapa, yenye sentensi moja inayosema kwamba mwaka 2009 marehemu aliacha kazi kwa hiari yake ili apumzike nyumbani. Tuliisoma mara ya kwanza tukadhani macho yanatudanganya, tukaisoma tena, ndipo tukakubaliana kwamba karatasi ile haitasomwa. Aliyeileta ni mume wake, shemeji yetu, ambaye ameketi hapa mbele, na hatusemi haya kwa kupenda kumwaibisha mgane siku ya msiba wake, tunasema kwa kuwa dada yetu aliitwa mzembe akiwa hai na hatukubali azikwe na jina hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1963, mtoto wa kwanza katika watoto wanne wa fundi magari na mshonaji nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na gereji ya baba, na mchezo wake wa kwanza, kama mama alivyotusimulia, ulikuwa kuchutama kando ya dimbwi mbele ya gereji mvua ikishakatika, akitazama mafuta yaliyomwagika yakitanda juu ya maji na kutoa rangi za kila namna, zambarau, kijani, dhahabu, ambazo hazimo katika mafuta wala katika maji. Alimuuliza baba rangi hizo zinatoka wapi, baba akamjibu kwamba zinatoka kwenye gari la watu na asizikanyage na viatu vya shule, jibu ambalo halikumtosha, na twaweza kusema kwamba maisha yake yaliyobaki aliyatumia kutafuta jibu bora kuliko la baba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari kuanzia 1977 hadi 1980, ambako mwalimu wake wa fizikia alimweleza kwamba mwanga husafiri kwa mawimbi, na kwamba utando mwembamba kama ule wa mafuta hurudisha mwanga kutoka uso wa juu na kutoka uso wa chini, halafu mawimbi hayo mawili hukutana, kilele kikiangukia kilele mwanga unaongezeka, kilele kikiangukia bonde yanauana na panabaki giza, na kwa kuwa kila rangi ina urefu wake wa wimbi, hapa inauawa nyekundu, pale inauawa bluu, na zilizosalia ndizo tunazoziona. Siku hiyo alirudi nyumbani akatukalisha chini sisi watatu, akatufundisha kubana vidole viwili mbele ya jicho huku tukitazama balbu, mpaka ule upenyo mwembamba ukaonyesha mistari myeusi, akatuambia kwamba mwanga ukipita penye nafasi finyu hauendi moja kwa moja, lazima utawanyike, na ukitawanyika unagongana wenyewe kwa wenyewe. Mama alipoingia akakuta watoto wanne wamejifinya macho, akauliza ni nani aliyetupiga.

Kuanzia mwaka 1982 hadi 1984 alisomea stashahada ya ufundi wa lenzi na vioo, na tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika kiwanda kilichotengeneza lenzi za miwani na za darubini, na baadaye vioo bapa vya mashine za leza. Chumba chake cha kazi hakikuwa na dirisha, kuta zilipakwa rangi nyeusi, na juu ya meza iliyotandikwa kitambaa laini ilining'inia taa ya njano yenye rangi moja tu ya mwanga, ambayo chini yake hata mtu mzima wa afya alionekana kama maiti, na kando ya mlango kilikaa kisahani cha udongo ambamo aliweka bangili, saa na chochote kinachoweza kukwaruza kioo kabla hajagusa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na tunaomba tuieleze kwa kuwa bila kuielewa hamtaelewa alichotendewa. Kila kioo kilicholetwa kutoka kwa wasagaji alikilaza juu ya kioo kingine kilichokwisha kuhakikishwa, ambacho pale kiwandani walikiita kioo mama, akawasha ile taa ya njano, na ule mwanga uliorudi kutoka kwenye nyuso mbili zilizotazamana ulichora mistari. Mistari ikinyooka, vioo vimelingana, mistari ikipinda na kujifunga kuwa pete, basi kuna mahali vioo havikugusana sawasawa, pana bonde au kilima kidogo sana ambacho kidole hakiwezi kukihisi, na kwa sababu yeye ndiye aliyeziona pete hizo na kurudisha kazi za watu, wasagaji wakamwita Mama Pete, kwanza kwa hasira, baadaye kwa mapenzi.

Lakini alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata siku moja, nalo ni kwamba vioo mama vipya havipimwi viwili, hupimwa vitatu, cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza. Alieleza kwamba vioo viwili vinaweza kulingana bila kasoro na vyote viwili vikawa na makosa, kimoja kimebonyea, kingine kimevimba kwa kiasi kile kile, vikikumbatiana mistari inanyooka kama ya daftari na mtu akapiga makofi, mpaka kije cha tatu ndipo uongo huo utoke hadharani. Kiwanda kilipoanza kuzungumzia kununua mashine ya leza inayopima bila kugusa, wenzake walimtania kwamba sasa Mama Pete atauza maandazi, naye akawajibu kwamba mashine nayo ina kioo mama ndani yake, na huyo mama naye lazima awe na wa kumpima.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na fundi mkuu wa kusaga vioo wa kiwanda hicho hicho, mtu aliyekuwa na mkono mtulivu kuliko wote, na tangu siku hiyo pete yake ya ndoa nayo ilikuwa ikivuliwa kila asubuhi na kuwekwa kwenye kisahani, jambo lililowafanya wasagaji waseme kwamba Mama Pete ndiye mwanamke pekee anayeachika saa mbili na kuolewa tena saa kumi. Walijaliwa watoto watatu, binti mwaka 1991, kijana mwaka 1994 na binti wa mwisho mwaka 1998, ambao wote wako hapa. Mwaka ule ule wa 1991 aliletewa mkaguzi wa pili, msichana aliyetoka chuoni, akamfundisha kazi yote kuanzia kushika kioo kwa ukingo, akamkaribisha nyumbani, watoto wakamwita mama mdogo, na watu waliposema kwamba hawa wawili ni chanda na pete, dada yetu alicheka mpaka machozi, akasema kwamba kwa upande wake angependa wamtafutie mfano mwingine, maana yeye akiona pete anajua katikati pana nafasi.

Mwezi Machi mwaka 2009 mama yetu aliugua, na dada yetu akaomba likizo ya wiki mbili kuja kumuuguza, akiwa amefunga kabati lake ambamo kioo mama cha tatu kilihifadhiwa, na ufunguo ulikuwa katika mkoba wake, ambao sisi sote tuliuona ukining'inia kwenye kitanda cha mama. Nyuma yake vioo mama viwili vya kiwandani vilikwaruzika, mumewe akasaga vingine, na kwa kuwa oda kubwa ya vioo vya leza ilikuwa ikisubiriwa na kabati lilikuwa limefungwa, mumewe na mkaguzi wa pili walivilaza vile viwili kimoja juu ya kingine, wakaona mistari imenyooka, wakaridhika. Hawakumpigia simu, ingawa safari ya kuufuata ufunguo ilikuwa ya asubuhi moja tu, na dada yetu aliporudi alikuta vioo mama vipya juu ya meza yake, akauliza kama vilipimwa vitatu, akaambiwa na mumewe kwamba ndiyo, walimwita fundi akafungua kufuli na kulifunga tena, na akaamini, kwa sababu aliyesema ni mumewe.

Miezi minne baadaye oda nzima ilirudishwa, kwa kuwa katika mashine za mteja lile doa la leza lililotakiwa kuwa kama ncha ya sindano lilikuwa likitanuka na kuzungukwa na ukungu, na vioo vyote vilipopimwa upya vilionekana vimebonyea kwa kiasi kile kile, kama watoto wa mama mmoja, na ndivyo walivyokuwa. Katika kikao kilichofanyika tarehe 3 Agosti 2009 meneja aliuliza ni nani aliyepitisha vioo mama vile, na mkaguzi wa pili akasema, alivipima mwenyewe alipotoka likizo, na shemeji yetu alipoulizwa kwa zamu yake akasema, alivipima mwenyewe alipotoka likizo, maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Meneja akamwambia dada yetu kwamba watu wawili wamesema neno moja, je, yeye ana la kusema, naye hakulia wala hakupaza sauti, alisema, "Nileteeni wa tatu," na katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyenyanyua kichwa. Siku hiyo hiyo aliachishwa kazi kwa uzembe, akachukua kisahani chake na miwani yake akatoka kwa mlango wa mbele, na kiti chake kikakaliwa na yule ambaye watoto wa dada yetu walimwita mama mdogo.

Tulimuuliza mara nyingi kwa nini hakuondoka pia katika nyumba ile, akatuambia kwamba mumewe alimpigia magoti akisema, "Tukifukuzwa wote wawili, mke wangu, watoto watakula nini?" na kwamba kwa watoto alikubali, akampikia, akamfulia, akamuuguza alipovunjika mguu, ila hakumsamehe, na alitaka tulijue hilo ili tusije tukasema kwenye msiba wake kwamba alisamehe. Kuanzia mwaka 2010 alifanya kazi katika duka la miwani karibu na nyumbani, akiwaonyesha wateja ule mng'ao wa kijani juu ya lenzi, akiwaeleza kwamba ni utando mwembamba uliopakwa ili mawimbi mawili ya mwanga yauane yasirudi kumsumbua mtu machoni, na kwamba rangi hiyo ni ndugu wa ile ya mafuta kwenye dimbwi. Wateja walimpenda, watoto wa mtaani walimletea sidi mbovu za muziki ili awaambie kwa nini mifereji yake midogo huutawanya mwanga ukawa upinde wa mvua, na alionekana mwenye furaha, lakini kila gari la kiwanda lilipopita mbele ya duka aliacha alichokuwa akisema mpaka lipite.

Mwezi Aprili mwaka jana alianza kulalamika maumivu ya tumbo, na tarehe 22 Mei madaktari walithibitisha saratani ya ini, ambayo ilikuwa imekwisha kusambaa. Akiwa hospitali alimwomba mumewe jambo moja tu, mbele yetu, kwamba aseme ukweli wa mwaka 2009 kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya watu wa kiwandani, yeye akiwa bado anasikia, na shemeji yetu alimshika mkono akamjibu, "Nitasema, mke wangu, ukipata nafuu kidogo." Aliingoja nafuu hiyo kuanzia Julai, akiuliza kila jioni kama leo anaonekana ana nafuu, na tarehe 2 Februari mwaka huu, saa tano asubuhi, akafariki akiwa na umri wa miaka sitini, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wawili. Baada ya hapo, tukiwa tunadhani kwamba angalau kifo kitamfungua mtu kinywa, ndipo tukaletewa ile karatasi ya kuacha kazi kwa hiari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake ambao hawakumdanganya hata alipotaka kudanganywa, inawashukuru majirani waliopokezana kumwogesha na kumwekea redio karibu na mto, inamshukuru mwenye duka la miwani ambaye hakumkata mshahara kwa siku hata moja ya ugonjwa. Inawashukuru pia wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuja, na shada la maua lenye maneno mfanyakazi mwenzetu mpendwa tumelipokea, na aliyelileta, yule mkaguzi wa pili, ambaye ameketi safu ya pili, tunamwomba asiondoke kwanza.

Kwa kawaida baada ya kusoma haya tungepeleka jeneza, lakini tutasubiri kidogo, kwa kuwa watu wa kiwandani wapo, mke yupo, na nafuu iliyokuwa ikisubiriwa imekwisha kuja, hana maumivu tena. Kipaza sauti kitaachwa hapa mezani kikiwa kimewashwa, shemeji, na hakuna atakayekuharakisha wala kukusaidia maneno.

Nawe dada, tumekuvua pete kama ulivyoagiza, iko kwenye kisahani chako cha udongo kando ya kipaza sauti, mikono yako iko mitupu kama ulivyozoea kuanza kazi. Pumzika kwa amani, Mama Pete, wa tatu tunamngoja hapa pamoja nawe.