Kona Nyeupe

Niinueni kidogo, wanangu, wekeni mto mgongoni, kisha mnisikilize. Maana nilichokiona asubuhi hii sebuleni kimenipokonya hata ile pumzi ambayo ugonjwa ulikuwa umenibakizia.

Hivi kweli, kifungua mimba wangu, umeipaka rangi picha ya baba yako?

Siku marehemu alipoileta, ikiwa ndani ya fremu nyeusi, nilipigwa na butwaa vilevile. Wekundu mtupu toka juu hadi chini, na kwenye kona moja weupe usioguswa. Nikamwambia, "Baba watoto, wewe fundi rangi, kutwa unashinda na kuta za watu, halafu unakuja kuninunulia ukuta?" Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hiyo ni nakala tu, yenyewe iko mbali, kwenye jumba la wakubwa la kutundikia picha. "Lakini huyu mwenzangu aliyeichora, mke wangu, aliachia pale alipotaka. Mimi kila nyumba naambiwa, fundi, malizia." Tangu hapo, akirudi hoi, aliitazama ile kona kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Leo naamka, kona haipo. Nyekundu, laini, inang'aa, bila alama ya brashi. Kazi safi, kazi ya baba yako kabisa, na ndiyo maana ulimi unakataa kukulaani. Unasema ilikuwa imepauka, na watu wa msiba watakuja. Msiba wa nani, jamani? Mimi bado napumua!

Na wewe, mdogo wake, weka chini hicho kitambaa cha mafuta ya taa. Ukisugua, utaitoa rangi ya kaka yako pamoja na iliyo chini yake. Jana mliigombania, leo mnataka kuiua! Ndugu wakigombana, walisema wazee, shika jembe ukalime. Mimi jembe sina tena.

Nyumba ni yenu nyote wawili, isiuzwe. Ngazi na brashi achukue kaka. Picha ni ya dada, ila isitoke pale ukutani, na kaka akija kuitazama asifukuzwe. Nikiondoka mtaipaka nyumba hii upya. Pakeni yote, lakini nyuma ya picha acheni rangi ya mkono wa baba yenu.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Mpe dada yako mkono, hata kama una rangi. Na neno langu likikatika njiani, msinimalizie. Hata wewe, fundi. Mungu awaweke, awape... awape...