Mama Kwa Sababu wa Chumba cha Sabuni

Ndugu, jamaa na majirani, mimi kifungua mimba wake nimesukumiwa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye kiwandani alijulikana kama Mama Kwa Sababu.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli hiyo hadi 1966, na mwaka 1970 akaajiriwa kwenye kiwanda cha sabuni, chini ya msimamizi ambaye jibu lake kwa kila swali lilikuwa fanya nilivyokuambia. Waliamriwa kutia magadi makali ndani ya maji, bila kuambiwa kwa nini, na mwenzake wa zamu, akiona ni yale yale, akamwaga maji juu ya magadi, yakachemka ghafla yakamrukia, akapoteza jicho. Mama alipopewa usimamizi wa chumba hicho cha sabuni mwaka 1979, hakumtuma mtu kazi bila kumpa na sababu yake, na hadi anastaafu mwaka 2006, hakuna aliyeungua chumbani mwake.

Aliolewa na baba yetu, dereva wa lori, tarehe 14 Desemba 1974, wakajaliwa watoto watatu, mimi, dada yangu fundi cherehani, na kitinda mimba wetu fundi umeme. Nyumbani nako hatukupona, kwani ukitumwa chumvi ulisindikizwa na maelezo mpaka mlangoni, na baba, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mboga itapoa kabla sababu hazijaisha.

Aliugua tumbo Februari 2023, akapasuliwa kuondolewa uvimbe, nao uliporudi mwezi Juni akakataa kupasuliwa tena. Hapo tulivurugana vibaya, dada akiniita muuaji kwa kumsikiliza mgonjwa, mimi nikimwita kichwa kigumu, kitinda mimba akiacha kupokea simu zetu sote wawili. Mama akatuita kitandani pake hospitalini, akasema hataki kisu cha pili, kwa sababu daktari amemweleza wazi kwamba hakitamponya, atabaki amelala kwa dawa asitutambue, naye siku zake zilizobaki anataka kututambua. Dada alilia, akauliza maswali yake yote, akajibiwa yote, kisha akamfungashia nguo za kurudi nyumbani.

Alifariki tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa ametoka kumkosoa kitinda mimba kwa swichi aliyoifunga upande.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli bila kuzungukazunguka, majirani mliotuachia ua wenu tuweke viti, na wenzake wote wa kiwandani. Baadhi yenu mmetuuliza kwa upole mbona hatukumrudisha hospitali, nasi watatu tumewajibu kwa kauli moja, bila kutazamana vibaya, na kusema kweli moyo wangu umetua. Pumzika, mama, umetuacha tukiwa bado ndugu.