Paipu Niliyoikata

Mlionipa shikamoo, marahaba. Mlionizidi umri, shikamooni. Nimeambiwa ninyi majirani zetu mmekuja kutazama jinsi kijiji chetu kinavyosafisha maji taka, na kwamba mnataka kuanza mradi kama huu kwenu. Ya tangi na matete mtaelezwa na fundi. Mimi nimeomba niseme lile ambalo fundi hawezi kulisema. Ndugu zangu, si habari nzuri, na mkiniona nimekwama katikati msiniletee maji. Niacheni nimalize.

Mnatujua. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja. Hata ukimwona anaelekea huko, unageuka unatazama miti. Nimekulia humo na sikuona ubaya wake. Basi mradi ulipokuja, tukaambiwa kila nyumba itapata choo chake na bafu lake, lakini paipu zote zitakutana na kumwaga kwenye tangi moja chini ya ardhi. Uchafu mzito utabaki tangini, maji yatapita kwenye kokoto zilizopandwa matete, na yakitoka upande wa pili yatamwagilia nyasi za ng'ombe. Nyasi mbichi wakati wa kiangazi, huku kwetu, utazipata wapi? Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mnafiki mkubwa.

Maana kichwani mwangu mlikuwa na jambo moja tu: paipu yangu na ya mke wa mwanangu zinakutana hatua kumi kutoka mlangoni kwangu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nikanyamaza. Ningeanzaje kulisema hilo mbele ya kina mama?

Wiki ileile nikachukua jembe, nikafukua, nikaikata paipu yangu kabla haijafika kwenye yake. Nikaielekeza bondeni, kwenye mto mkavu, nikafukia na kukanyagakanyaga juu. Nikajiambia mchanga utameza. Nikalala fofofo.

Kisha ukame ukatubana, mfereji ukakauka. Wanawake wakarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, kama zamani. Mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya miezi sita, hakuweza kwenda mbali, akachimba karibu. Nilimwona akipita na ndoo. Nilimwona, jamani, na wala sikuwaza.

Siku ya tatu akashikwa na kuhara na kutapika. Mwanangu yuko kazini hotelini Bofa, mke wangu amekwenda matangani Mariakani. Mchana, jua kali, nasikia mtu analia ndani, na mimi nimesimama nje ya mlango wake kama mwizi. Nikapiga hodi.

"Baba, usiingie," akasema. "Nimechafuka."

Nikaingia. Nikamwosha. Nikabeba beseni lake kwa mikono hii, sijui mara ngapi, mpaka bodaboda ilipofika. Kile nilichokataa kikutane na changu ndani ya paipu, chini ya udongo, nilikimwaga mwenyewe mchana kweupe. Aibu sikuiona hata kidogo. Niliogopa tu atanifia mikononi.

Zahanati walimtundikia maji, akapona. Mtoto tulimpoteza. Bwana afya akamuuliza alikuwa akichota wapi, naye akamwelekeza: chini kidogo ya boma letu, pale mto unapokunja. Ndipo pale paipu yangu ilipokuwa ikimwaga.

Ningeweza kunyamaza tena, nilikuwa hodari wa hilo. Wiki mbili zikapita hivyo. Mwishowe nikasema, mbele ya mke wangu, mwanangu na mkewe. Mwanangu akatoka nje, na hakusema nami mpaka mvua iliponyesha. Mkewe alinitazama, akanitazama.

"Baba, kaiunganishe," akasema.

Nikaenda kwa mwenyekiti na fundi, nikaeleza yote. Fundi hakunifokea. Alisema kama ningemwambia siku ile, angeitengenezea paipu yangu njia yake peke yake mpaka tangini, kazi ya siku moja. Siku moja! Hilo ndilo linalonila mpaka leo.

Namshukuru yule wa bodaboda aliyekubali kumbeba katika hali ile. Namshukuru muuguzi wa zahanati, na fundi aliyenipa kazi ya kutunza matete baada ya niliyoyafanya. Na mke wa mwanangu mwenyewe namshukuru. Yuko hapa leo. Msigeuke kumtafuta.

Kwenu pia wamo wazee kama mimi, nawaona mnavyotazama chini. Mwenye jambo la aibu aliseme leo, kabla mtaro haujachimbwa, hata kwa kumnong'oneza fundi kando.

Yule mtoto tuliyempoteza alikuwa wa kiume. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Kwa hiyo mkiniita baadaye nije kula, jueni jina hilo lilikuwa liwe la watu wawili.